Fedha Iliyo Hai: Walatvia, Zebaki na Jina Tulilolisahau

Muulize mtoto wa shule ya msingi hapa Nairobi zebaki ni nini. Kuna uwezekano mkubwa atakuambia ni sayari, ile iliyo karibu zaidi na jua. Hata mimi nilikariri hivyo, na nikapewa alama yangu. Lakini zebaki si sayari, jameni. Jina la zamani la sayari hiyo kwa Kiswahili ni Utaridi. Zebaki ni metali, ile ya majimaji inayong'aa ndani ya vipimajoto vya kioo. Kilichotokea si vigumu kukisia: Kiingereza hutumia neno moja, Mercury, kwa vyote viwili. Mtafsiri akachukua neno letu la metali akalirusha angani, na vitabu vya shule vikalifuata huko huko.

Kosa hilo ndilo lililonifanya nianze kutafuta watu wengine wanaiitaje hii metali. Nikapita Kijerumani, nikapita Kirusi, halafu nikakwama Latvia, na sijatoka huko wiki mbili sasa.

Kwa Kilatvia, zebaki inaitwa dzīvsudrabs. Usiogope hizo konsonanti. Anza na "dziiv", uvute hiyo i kwa sababu ya kamstari kalichokaa juu yake, kisha malizia "sudrabs". Mkazo uweke mwanzoni kabisa, maana Kilatvia hukaza silabi ya kwanza karibu kila mara, si ile ya pili kutoka mwisho kama sisi. Neno lenyewe limeunganishwa kutoka maneno mawili ambayo kila Mlatvia anayajua tangu utotoni. Dzīvs ni hai. Sudrabs ni fedha, ile metali ya pete na mikufu. Kwa hiyo zebaki kwao ni fedha iliyo hai. Na sayari? Sayari wanaiita Merkurs. Hawana huu mkanganyiko wetu.

Nilicheka kidogo nilipotafsiri, kwa sababu kwa Kiswahili "fedha hai" inasikika kama pesa zinazojiendea zenyewe. Zangu huwa zinajiendea kweli, ila hazijui njia ya kurudi.

Kwa asiyeijua, Latvia ni nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki, katikati ya Estonia na Lithuania. Watu wake hawafiki milioni 2. Nairobi pekee, kwa sensa ya 2019, ilikuwa na karibu milioni 4.4. Lakini lugha yao si ya kudharau. Kilatvia na Kilithuania ndizo lugha mbili tu za tawi la Baltiki ambazo bado zinasemwa. Ndugu yao Kiprusi cha kale alishakufa karne ya 18. Wataalamu wa historia ya lugha wanazipenda sana hizi mbili kwa sababu zimehifadhi mambo ya kale ambayo lugha nyingi za Ulaya zimeyapoteza.

Tuchukue dzīvs kwanza. Kutoka hapo Walatvia wana dzīve, maisha. Wana dzīvot, kuishi. Mnyama ni dzīvnieks, aliye hai. Hata nyumba ya ghorofani unayopanga inaitwa dzīvoklis, mahali pa kuishia. Ni mzizi unaofanya kazi kila siku, jikoni na sokoni, si neno la maabara. Na ni wa familia kubwa kweli: Kilithuania kina gyvas, Kirusi kina zhivoy, Kilatini kilikuwa na vivus, Kisanskriti jiva. Hata neno la Kiingereza quick, ambalo leo ni haraka, zamani lilikuwa na maana ya hai, ndiyo maana Waingereza waliiita zebaki quicksilver. Yote hayo yanarudi kwenye mzizi mmoja wa lugha iliyosemwa maelfu ya miaka iliyopita, lugha-mama ya jamii ya Kihindi na Kiulaya.

Ukidhani hayo ni mambo ya mbali, pita Jeevanjee Gardens siku moja, pale wahubiri wa mchana wanapopigania masikio ya watu. Bustani ile ina jina la A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi ambaye aliitoa kwa umma mwaka wa 1906. Jeevan ni maisha, kutoka kwa jiva ile ile ya Kisanskriti. Yaani nusu ya kwanza ya neno la Kilatvia imelala katikati ya jiji letu zaidi ya miaka mia moja, na sisi tunaikalia tukila njugu.

Nusu ya pili, sudrabs, ina hadithi ya aina nyingine. Lugha nyingi za jamii hiyo zilikuwa na neno lao la urithi kwa fedha. Kilatini kilisema argentum, ambalo ndilo lililoipa nchi ya Argentina jina lake. Lakini kule kaskazini watu walisema kitu tofauti kabisa. Wagothi walisema silubr, Wajerumani Silber, Warusi serebro, Walithuania sidabras, Walatvia sudrabs. Ukiyatazama unaona ni ndugu, lakini si ndugu wa kufuata kanuni. L inageuka r, r inageuka d, irabu zinarukaruka. Maneno ya urithi hayafanyi hivyo. Yanabadilika kwa utaratibu unaoweza kuuandika. Maneno yanayobadilika ovyo namna hii ni yale yaliyopita mikononi mwa wachuuzi, kila soko likilisikia kivyake. Wabaski, ambao lugha yao haina undugu na lugha yoyote ya Ulaya, nao wanaiita fedha zilar. Kwa hiyo wanaisimu wengi wanaona sudrabs ni neno-msafiri: lilikuja pamoja na bidhaa. Sisi watu wa Kiswahili tunaelewa jambo hili bila kufundishwa. Fedha yenyewe si neno la Kiarabu lililoshuka na majahazi?

Na Walatvia waliipenda fedha vibaya sana. Kuna mtu anaitwa Krišjānis Barons, aliyeishi kutoka 1835 hadi 1923, ambaye alitumia miaka mingi ya maisha yake kupanga nyimbo fupi za jadi za Walatvia, zinazoitwa daina. Alizichapisha kati ya 1894 na 1915, karibu nyimbo 218,000, na kabati lake lenye droo za vijikaratasi liko kwenye orodha ya Kumbukumbu za Dunia ya UNESCO tangu 2001. Ukizisoma nyimbo hizo, fedha inang'aa kila kona: pete, majani, matone ya mvua. Mara nyingi imeandikwa kwa umbo la kale kidogo, sidrabs.

Halafu kuna sarafu. Latvia ilipojitangazia uhuru tarehe 18 Novemba 1918 na baadaye kuwa na pesa yake, lati, ilitoa sarafu kubwa ya lati 5 iliyotengenezwa kwa fedha, gramu 25, yenye sura ya msichana ambaye watu walimbatiza jina Milda. Ilipigwa chapa mwaka wa 1929, 1931 na 1932. Mwaka wa 1940 Wasovieti wakaivamia nchi na lati ikazikwa. Lakini familia nyingi zilificha sarafu moja ya Milda mahali, kwenye sanduku au ndani ya nguo, na kuitunza kwa miaka 50 kama ushahidi kwamba nchi ilikuwapo. Uhuru ulirudi 1991. Leo Milda yuko kwenye sarafu zao za yuro 1 na yuro 2. Kwa hiyo Mlatvia akisema sudrabs, hasemi tu jina la metali.

Sasa, kwa nini "hai"?

Jibu liko machoni. Zebaki ndiyo metali pekee iliyo majimaji kwenye joto la kawaida la chumba. Huganda ikifika nyuzi 38.8 chini ya sifuri. Ukiidondosha sakafuni haimwagiki kama maji, inavunjika kuwa vishanga vinavyokimbiana, na ukivisukuma pamoja vinamezana vinakuwa kimoja tena. Haishikiki kwa vidole. Ni nzito mara 13 na zaidi kuliko maji. Kipande cha chuma ukikitupa ndani yake kinaelea. Mtu wa kale aliyeona fedha inakimbia namna hiyo angeiitaje? Ulimwengu uligawanyika mara mbili. Wagiriki waliitazama wakaona maji, wakaiita hydrargyros, fedha-maji, na hapo ndipo zilipotoka zile herufi Hg tulizozikariri darasani bila kuambiwa sababu. Wachina na Wajapani nao wanaiandika kwa alama mbili, maji na fedha. Kundi la pili halikuona maji, liliona uhai. Warumi walisema argentum vivum. Wajerumani Quecksilber, Waslovenia živo srebro, Walithuania gyvsidabris. Wakroatia walichoka na fedha kabisa wakabaki na živa, basi, "iliyo hai". Hata Waestonia na Wafini, ambao lugha zao ni za jamii nyingine, wanasema elavhõbe na elohopea, na maana ni ile ile.

Haiwezekani wote hawa walikaa kila mmoja kwake wakabuni kitu kimoja. Jina lilitafsiriwa kipande kwa kipande, kutoka kwa Kilatini cha waganga, wauza dawa na wale waliotaka kugeuza risasi kuwa dhahabu, likaingia lugha za wenyeji. Riga, mji mkuu wa Latvia, ulianzishwa 1201 na askofu Mjerumani, na kwa karne nyingi baada ya hapo biashara, kanisa na elimu vilikuwa mikononi mwa Wajerumani huku Walatvia wengi wakiwa wakulima wa shamba la bwana. Dzīvsudrabs ina umbo la Quecksilber na argentum vivum, kiungo kwa kiungo. Lakini vifaa ni vya nyumbani. Hapo ndipo ninapowavulia kofia: walipokea wazo la mgeni, wakalijengea kwa miti yao wenyewe. Matokeo yake ni kwamba neno likaendelea kuzaa. Mtoto asiyetulia husemwa ni mtundu kama dzīvsudrabs. Na unapopimwa shinikizo la damu, kile kipimo cha milimita za Hg kwa Kilatvia kinasomwa kama milimita za nguzo ya fedha hai.

Kuna jambo moja la Latvia lililonifurahisha kupita kiasi. Baridi kali kuliko zote iliyowahi kuandikwa nchini humo ilikuwa Daugavpils, Februari 1956, nyuzi 43.2 chini ya sifuri. Rudi juu uangalie zebaki huganda wapi. Siku hiyo, fedha hai ikiwekwa nje ingekufa.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo niliposhtuka.

Tulipokea zebaki kutoka Kiarabu, zi'baq. Waarabu nao waliitoa wapi? Kwa Waajemi. Kiajemi cha leo kinaiita metali hii jive, na umbo lake la kale lilimalizikia kwa sauti ya k au g ambayo Waarabu waliisikia kama q. Kiarabu hakina sauti ya v, kwa hiyo ile v ikawa b. Na lile neno la Kiajemi limetokana na mzizi wa Kiajemi wa kuishi, uleule wa jiva ya Kisanskriti. Uleule wa dzīvs.

Soma tena polepole. Zebaki ni "iliyo hai". Silabi ya kwanza ya neno letu na silabi ya kwanza ya neno la Walatvia ni kitu kimoja, kilichotenganishwa maelfu ya miaka, kimoja kikapanda kaskazini hadi kwenye theluji, kingine kikapita Uajemi, kikapita Uarabuni, kikashuka na pepo za kaskazi hadi pwani yetu. Tofauti ni kwamba Mlatvia bado anaisikia maana. Sisi tumebaki na sauti tu, halafu tukaichukua hiyo sauti tukaibandika kwenye sayari.

Neno hilo la Waajemi halikusafiri kuja huku tu. Kwa njia ya Waarabu liliingia Hispania pia, na Wahispania mpaka leo wana azogue, zebaki, ndugu wa damu wa neno letu. Mtu asiyetulia wanasema ni azogue. Huko Hispania kuna mji unaoitwa Almadén, uliokuwa na mgodi mkubwa wa zebaki kuliko wote duniani, uliochimbwa kwa zaidi ya miaka 2,000 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Almadén ni Kiarabu, "mgodi", na ukilisikiliza vizuri utasikia madini ndani yake. Mji mzima wa Ulaya unaitwa Madini, na sisi hatukuambiwa. Mwaka wa 2012 UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia pamoja na Idrija ya Slovenia, ambako zebaki iligunduliwa 1490.

Zebaki ya Almadén ilichimbwa kwa sehemu na wafungwa waliohukumiwa kazi ya lazima, na kuanzia karne ya 16 ilipakiwa melini kupelekwa Mexico na Peru. Kazi yake huko? Kukamata fedha. Unasaga mawe yenye fedha, unamwagia zebaki, zebaki inaila ile fedha na kushikamana nayo, kisha unachoma donge hilo, zebaki inapaa na fedha inabaki. Fedha hai inatumwa kuleta fedha iliyokufa, na anayevuta ule moshi ndiye anayelipa.

Hapa nataka kusimama kidogo na Walatvia tena, kwa sababu kuna kitu walifanya ambacho sisi hatujafanya. Katikati ya karne ya 19, kizazi cha kwanza au cha pili baada ya kuvunjwa utumwa wa mashambani, vijana wachache wa Kilatvia waliofika chuo kikuu cha Tartu walikataa kuambiwa kwamba lugha yao ni ya kuongelea na ng'ombe. Mmoja wao, Juris Alunāns, alianza mwaka wa 1859 kutoa mfululizo wa vitabu vya elimu ya kawaida uitwao Sēta, daba, pasaule, yaani boma, maumbile, ulimwengu. Aliunda maneno mapya kwa mafungu. Alikufa 1864 akiwa na miaka 31. Kama angekuwa hai leo angekuwa na chaneli, na ningemfuata.

Njia hiyo ya kuunda maneno ndiyo iliyokuja kuwapa Walatvia kemia inayosomeka. Oksijeni ni skābeklis, kutoka skābs, chachu. Naitrojeni ni slāpeklis, kutoka kitenzi cha kukaba pumzi au kuzima moto, na kweli mshumaa ukiutia ndani ya naitrojeni unazimika. Kaboni ni ogleklis, kutoka ogle, kaa. Haidrojeni ni ūdeņradis, mzaa-maji. Mtoto wa Riga akifungua jedwali la elementi, nusu ya kazi ameshafanyiwa na mama yake. Sisi tunafungua jedwali hilo hilo kwa Kiingereza, tunakariri Hg, tunafaulu, tunasahau. Najua kuna mtu atasema kwamba sayansi ni ya dunia nzima na lugha haina maana. Sawa. Wilhelm Ostwald, aliyezaliwa Riga 1853 na kupata Nobel ya kemia 1909, aliandika kwa Kijerumani na hakudhurika. Lakini Ostwald alikuwa Mjerumani wa Riga. Alikuwa anaandika kwa lugha ya mama yake. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Lakini nisidanganye. Jina linaloeleweka halimwokoi mtu. Dzīvsudrabs inamwambia Mlatvia kwamba kitu hiki kinakimbia. Haimwambii kwamba kinaua. Tena ukifikiria, majina haya ya "hai" yana ujanja fulani. Watu waliona kitu kinachotembea bila miguu wakadhani uhai wake unaweza kuhama kuingia mwilini mwao. Inasimuliwa kwamba mfalme mkuu wa kwanza wa China, Qin Shi Huang, aliyekufa mwaka wa 210 kabla ya Kristo, alikuwa akinywa dawa za zebaki ili asife kamwe. Ulaya walipakwa zebaki kwa karne nyingi kutibu kaswende, meno yakang'oka. Mwaka huo huo wa 1956 ambao Daugavpils iliganda, mnamo Mei 1, madaktari wa mji wa Minamata huko Japani waliripoti ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu. Kiwanda kilikuwa kikimwaga uchafu wenye zebaki baharini, samaki wakala, watu wakala samaki, na watoto wakazaliwa wakiwa wameharibika kabla hawajavuta pumzi ya kwanza.

Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki una jina la mji huo. Lakini ulianzia kwetu: uamuzi wa kuanza mazungumzo ulifanywa Nairobi, Februari 2009, kwenye makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa pale Gigiri, na kikao kimoja cha mazungumzo kikarudi Nairobi 2011. Ulipitishwa Japani Oktoba 2013 na ukaanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Umoja wa Ulaya, ambao Latvia ni mwanachama tangu 2004, ulishaondoa zebaki kwenye vipimajoto vipya vya homa tangu 2009 na kuzuia kuiuza nje tangu 2011. Kwa hiyo mtoto wa Kilatvia wa leo huenda akaijua dzīvsudrabs kama neno bila kuwahi kuviona vishanga vyenyewe vikikimbia.

Hapa Kenya ni kinyume. Neno hatulijui, kitu chenyewe tunacho. Kule Migori na Kakamega, wachimbaji wadogo wa dhahabu wanafanya kile kile kilichofanywa Mexico karne ya 16: mawe yanasagwa, zebaki inamwagwa, mikono mitupu inakanda, kitambaa kinakamuliwa, donge linachomwa kwenye moto. Uchimbaji mdogo wa aina hii duniani ndio unaotoa zebaki nyingi zaidi hewani kuliko shughuli nyingine yoyote ya binadamu, karibu asilimia 38 kwa tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2018. Moshi wake hauonekani vizuri na haunuki. Unakwenda kwenye ubongo, na kwenye figo, na kwa mjamzito unafika kwa mtoto.

Na kuna njia ya pili inayoingilia nyumbani kabisa, kwenye meza ya vipodozi. Zebaki inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana inatiwa kwenye baadhi ya sabuni na krimu za kujichubua. Zimepigwa marufuku kwa sheria, na bado zinauzwa. Ukisoma kikopo, kama kina maandishi yoyote ya maana, hutaona zebaki, na mara nyingi hutaona hata Mercury. Mamlaka za afya hushauri utafute pia majina mengine ambayo zebaki hujificha nyuma yake. Moja ni calomel.

Calomel ni unga mweupe, zebaki iliyoungana na klorini, na zamani ulikuwa dawa maarufu ya tumbo, hata watoto walinyweshwa. Nililitafuta neno hilo kama nilivyoyatafuta haya mengine, nikitarajia fedha, au maji, au uhai. Ni Kigiriki. Limeundwa kwa maneno mawili: kalos, -zuri, na melas, -eusi. Weusi mzuri. Limeandikwa nyuma ya kopo, kwa herufi ndogo, upande ambao hakuna picha ya yule dada mweupe.